MCHANGA TUNAO, MWALIMU TUNAMPA NINI?

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Mbaha,

Ajenda ya nne ya mkutano wetu ujao inahusu mieleka. Tumesikia wengine wameanza kucheka, ati ushirika wa dagaa na mpunga umekosa kazi mpaka ukae kujadili watoto wanaoangushana mchangani. Wengine hawacheki, wamekasirika, kwa sababu mtoto mmoja aliteguka bega na mama yake akalazimika kumpeleka Liuli kwa pikipiki, nauli ya kukopa. Tunawaomba wote, anayecheka na aliyekasirika, wasome karatasi hii mpaka chini kabla ya siku ya kunyosha mikono.

Swali lililoandikwa kwenye ajenda ni hili: Je, ushirika utoe kipande cha ufukwe kwa mazoezi ya vijana? Swali hilo tunaliona dogo. Mchanga tunao, ziwa limetuletea bure. Swali kubwa halikuandikwa, nalo ni la wale vijana wawili wanaofundisha. Mmoja alijifunza mieleka alipokuwa JKT, mwenzake ameicheza tangu utoto hapa hapa. Hakuna aliyewatuma. Kila jioni mitumbwi ikishavutwa juu utawaona na watoto ishirini, mara thelathini, wanachambua mchanga kwanza kwa mikono ili kuondoa miiba ya samaki na ndoano, kisha ndiyo wanaanza. Asubuhi vijana hao hao wako shambani au kwenye nyavu kama mtu mwingine yeyote. Mpaka leo kijiji hakijawapa hata chai.

Sisi tunasema hivi: mchezo haufi kwa kukosa uwanja. Unakufa kwa kukosa mwalimu anayebaki.

Hebu twende Uganda kwanza. Pale Mukono, mji ulio mashariki ya Kampala, yuko bwana mmoja aitwaye Daniel Bumba, vijana wake wanamwita Kocha Bumbash. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kueleza kwa Kiganda mieleka ya Marekani inayoonyeshwa kwenye televisheni. Watu wanatazama Wamarekani wanatupana, yeye anawaambia kwa lugha yao nani ni nani na kwa nini amekasirika. Mwaka 2023 akaona kueleza peke yake hakutoshi. Akaanzisha kikundi chake cha vijana, akakiita Soft Ground Wrestling, maana yake mieleka ya ardhi laini. Jina lilitokana na hali halisi. Ulingo wa kisasa una mbao, chuma, magodoro na kamba, na bei yake si ya mtu wa Mukono wala wa Mbaha. Basi wakasimika nguzo za mianzi, wakazungushia kamba, wakalainisha udongo kwa maji mpaka ukawa tope. Ndani ya tope hilo wavulana na wasichana wanarushana, na picha zao zimezunguka dunia nzima kwa njia ya simu.

Lazima tuseme ukweli hapa, maana wapo watakaosema tumedanganywa na simu. Mieleka ya Mukono ni maonyesho, kama ile ya Marekani. Nani atashinda hupangwa kabla. Ni kama mganda wetu: kila mchezaji anajua hatua inayofuata, lakini asiyefanya mazoezi ataaibika mbele za watu, na katika mieleka ataumia pia. Kuanguka kule si kwa uongo, mgongo unapiga chini kweli. Kwa hiyo kazi ya mwalimu iko pale pale. Vijana wetu wao wanacheza ile ya kushindana, anayeangushwa ameangushwa. Tusichanganye mambo haya mawili, lakini tusidharau la Mukono. Mtu yule alianza na kilichopo. Hakuandika barua ya kuomba ulingo kisha akakaa kusubiri jibu.

Sasa Kenya. Iten ni mji mdogo wa mlimani, juu ya Bonde la Ufa, na pana shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St Patrick's. Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, mwalimu wa jiografia. Hakuwa mkimbiaji na hakusomea kufundisha mbio. Alimkuta Mwingereza mmoja, Pete Foster, anafundisha riadha, akawa msaidizi wake. Foster akaondoka, Bruda akabaki na vijana na saa ya mkononi. Afanye nini? Akawa anawatazama. Anatazama mguu unavyotua, bega linavyokaza, kijana anavyopumua akichoka. Alijifunza ukocha kwa wanafunzi wake mwenyewe.

Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, aliyesoma shule ile, alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mita 1500. Mwaka 2012 huko London, David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda huyu huyu, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Pigeni hesabu, kutoka 1976 mpaka 2012 ni miaka 36. Mtu mmoja, mahali pamoja. Na katikati ya miaka hiyo walipita mamia ya vijana ambao hawakupata medali yoyote na majina yao hatuyajui, nao vile vile aliwaamsha alfajiri. Wakimbiaji wengi wa nchi za mbali siku hizi wanapanda ndege kwenda Iten kufanya mazoezi. Wanafuata hewa ya mlimani, ndiyo, lakini milima ipo hata kwetu Umatengo. Tofauti ni kwamba pale kulikuwa na mtu aliyekaa.

Mtasema hao ni wageni na watu wa nchi za wenzetu. Haya, turudi nyumbani. Wazee wote hapa wanamjua Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia, Mtanzania. Mwaka 1980 huko Moscow akapata fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Tangu hapo mpaka michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Mbili tu, zote mwaka mmoja.

Sasa simama sokoni uulize: nani alikuwa anashika saa wakati vijana hao wakifanya mazoezi? Hupati jibu. Katika makocha wa riadha wa taifa wa wakati ule alikuwamo Erasto Zambi. Wangapi mmewahi kulisikia jina hilo? Sisi tulilisikia tukiwa watu wazima, na kwa bahati. Ndivyo tulivyo. Mshindi tunambeba begani, aliyemfundisha anarudi kwake kwa miguu. Kisha miaka arobaini na zaidi tunaulizana medali zimekwenda wapi.

Bayi mwenyewe inaelekea aliliona jambo hili. Alipoacha mbio, yeye na mkewe Anna walijenga shule, na pale Mkuza, Kibaha, ukifika unakuta madarasa na viwanja vya michezo pamoja. Angeweza kukaa akahesabu medali zake.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi, na huu hatuhitaji kuusoma kwenye gazeti. Katika kamati iliyoandika karatasi hii, wanne tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa tayari na watoto. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, tunaandika "a" kwa chaki. Tunajua habari ya kisomo. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1986 walibaki hata hawafiki 1 katika 10. Nani aliifanya kazi ile? Majengo hayakuwapo, wengine walisomea chini ya mwembe. Walikuwapo walimu wa kujitolea, wengi wao wamemaliza darasa la saba tu, wanafundisha wazazi wao na wajomba zao kwa posho ndogo. Posho ilipopungua, na mara nyingine isifike kabisa, walimu wakachoka mmoja mmoja, na madarasa yakafifia. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta wasiojua kusoma wamerudi kuwa kama 3 katika 10. Miembe ilikuwapo bado. Chaki zilipatikana.

Kwa hiyo mtu akituambia "wale vijana wanapenda mchezo wao, waacheni wajitolee," sisi hatukubali. Mapenzi yana miaka yake. Kijana ataoa, atapata mtoto, mvua za Desemba zitamkuta hajapanda mihogo kwa sababu ya watoto wa watu. Hapo ataacha, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Sasa tuje kwenye lile bega, maana tunajua ndilo linalosemwa visimani. Tumeuliza. Mtoto yule hakuumia kwenye mazoezi. Alikuwa bado hajaandikishwa. Aliumia njiani kutoka shule, kwenye ardhi ngumu, akimwiga kaka yake aliyekuwa ameona mieleka kwenye simu. Alipoanguka alinyosha mkono kujizuia, uzito wote ukaja begani. Tunampa pole yeye na mama yake, na hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunasema ili mwone: mnaweza kupiga marufuku walimu, mieleka hamtaimaliza. Watoto wataendelea kuangushana nyuma ya nyumba bila mtu wa kuwaelekeza.

Nendeni mkaone mazoezi yenyewe. Wiki mbili za kwanza mtoto hamshiki mwenzake. Anafundishwa kuanguka tu. Kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini. Mkono usinyoshwe kukinga. Mgongo uwe wa duara, mkono mzima upige mchanga kwa pamoja, pumzi itoke. Anaanza akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, mwisho akisukumwa. Bibi mmoja aliyekuja kugomba alikaa akatazama mpaka jua likazama, akasema laiti wavuvi wangefundishwa hivyo kabla ya kupanda mitumbwi yenye utelezi. Tulicheka, lakini ana hoja.

Jambo jingine ambalo wengi hawajui. Tumezoea kufikiri kwamba mchezo wa maana unachezwa mbali, kwenye majengo makubwa, na kwetu sisi ni kuiga. Ipo mieleka ya ufukweni inayotambuliwa na chama cha mieleka cha dunia. Ulingo wake ni duara la mchanga lenye upana wa mita 7. Pambano ni dakika 3, anayetangulia kupata pointi 3 ameshinda. Ukimtoa mwenzio nje ya duara umepata pointi, ukimwangusha umepata. Viatu hakuna, godoro hakuna. Mchezo huo umo katika orodha ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, Senegal, kwa mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangiwa ardhi ya Afrika. Na Senegal kwenyewe mieleka ya mchangani ni mchezo wa watu wote. Mwaka 2018 walifungua uwanja wa taifa wa mieleka huko Pikine, jirani na Dakar, wenye nafasi ya watu wapatao 20,000. Hatusemi mtoto wa Mbaha atakwenda Dakar. Msije mkatusema. Tunasema tu kwamba duara la mita 7 unalichora kwa kijiti na kamba ya mtumbwi, na mchanga unaotakiwa ndio huu tunaoukanyaga.

Tumewasifu walimu vya kutosha. Sasa tuwaseme, maana karatasi hii si ya kupaka mafuta.

Mwalimu wa mchezo ana nguvu kubwa juu ya mtoto. Anamwambia ruka, anaruka. Anamwambia kaa njaa upunguze uzito, atakaa njaa. Anamshika mwili. Nguvu hiyo ikikosa macho ya wazazi inaweza kuharibika hata mikononi mwa mtu aliyeanza vizuri. Sisi tunataka kila siku ya mazoezi awepo mzazi mmoja, kwa zamu, na siku wasichana wakiwamo awepo mama. Giza likiingia, mazoezi yamekwisha. Wengine wanapenda kucheza usiku wa mbalamwezi kwa sababu wavuvi wa dagaa hawatoki na ufukwe unakuwa na watu. Basi usiku huo wazazi wawepo watatu au wanne, siyo watoto na mwalimu peke yao. Na mtoto aliyekimbia shule asipokelewe jioni. Walimu wamekubali yote haya mbele yetu, tena hili la shule walikuwa wanalifanya wenyewe.

Halafu habari ya picha. Wapita njia wanawapiga watoto wetu picha za simu, na siku hizi picha inaweza kuleta fedha. Ikileta, ni ya nani? Wapo watu duniani wanaoanzisha vikundi vya vijana kwa moyo, lakini kikundi kikijulikana kinageuka kuwa shamba la mtu mmoja na vijana wanakuwa vibarua. Hatutaki kupe hapa. Fedha yoyote itakayokuja kwa jina la watoto hawa iingie kwenye daftari la ushirika, mbele ya macho, na mzazi yeyote awe na haki ya kulifungua daftari hilo. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani hatukujifunza ili madaftari yafungwe kabatini.

Kuhusu wasichana, wapo wazee wetu wawili tunaowaheshimu sana wamesema si adabu. Tumewasikiliza. Lakini wasichana hao hao wanasukuma mitumbwi majini, wanabeba magunia ya mpunga, na wakati wa kioda wanacheza mbele ya kijiji kizima. Mukono wanacheza pamoja na wavulana. Hapa walimu wamesema wasichana watashindana na wasichana wenzao, wamevaa vizuri. Sisi hatuoni kosa, na tunawaomba wazee waje waone kabla ya kuhukumu.

Kamati inapendekeza nini? Kipande cha ufukwe kati ya mahali pa kuanikia dagaa na miti ya miembe kiwe cha mazoezi saa za jioni, chanja za dagaa zisisogezwe. Walimu wawili wapewe posho ya vitu, kwa kuwa fedha taslimu hatuna: debe moja moja la dagaa kila giza la mwezi linapokwisha, na gunia moja moja la mpunga wakati wa mavuno. Pia siku mbili kwa msimu wanakijiji walime mashamba yao kwa pamoja, kama tulivyokuwa tukilimiana zamani bila kuandikiana. Nyavu kuukuu za ushirika zizungushiwe pale ili mifugo isiingie. Na mama yule arudishiwe nauli ya Liuli kutoka mfuko wa dharura, hata kama mtoto hakuumia kwenye mazoezi.

Wapo wanaosema debe hilo la dagaa lingesaidia kununua injini ya boti. Hesabu tumeipiga ubaoni, nendeni mkaangalie. Kwa madebe hayo injini tutaipata baada ya miaka mingi sana, na watoto hawa watakuwa wamekwisha kwenda Mbamba Bay, Songea au Dar es Salaam kuuza maji barabarani. Injini tuitafutie njia yake. Mwenye hesabu tofauti aje nayo imeandikwa.

Tunajua vile vile kwamba mmoja wa walimu ameitwa na ndugu zake Songea kwenda kufanya kazi ya ujenzi. Ametuambia atatoa jibu baada ya mkutano. Hatukumwomba asubiri, ameamua mwenyewe.

Mkutano ni Jumamosi, baada ya dagaa kuanuliwa, chini ya mwembe wa ghala. Wazazi waje na majina ya watoto na umri wao yakiwa yameandikwa. Asiyejua kuandika aje mapema, tutamwandikia, na akitaka tutamfundisha.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya kamati
Mbaha